Kwa Nini Natazama Jaa Kabla ya Jumba

Anayefika Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, kwa mara ya kwanza hupiga picha lango la jumba la sultani, akapiga picha kaburi la nguzo, kisha akauliza lile swali: hawa watu walikuwa na ustaarabu wao, au walijengewa na wageni? Nimeulizwa hivyo Takwa, magofu mengine yaliyo kisiwani Manda. Nimeulizwa barazani mtaani Mkomani baada ya magharibi, tena na watu wazima waliozaliwa ndani ya nyumba za mawe. Na miaka yote niliyosomesha historia hapa Lamu, halikupita darasa bila mtoto mmoja kuliuliza. Jibu langu ni kwamba walikuwa nao, na ulikuwa wao. Lakini jibu lisilo na ushahidi ni majigambo, na majigambo pwani hii tunayo ya kutosha. Nataka leo nieleze ushahidi wenyewe unavyopimwa, na ni upi mimi naupa uzito.

Mizani iliyozoeleka ni ya V. Gordon Childe, mwanaakiolojia wa Australia, aliyeandika mwaka 1950 mambo 10 ya kuutambua mji wa kale na ustaarabu uliouzaa. Miji iliyo mikubwa kuliko vijiji vilivyoitangulia. Mafundi wasiolima. Ziada inayokusanywa kama kodi au sadaka. Majengo makubwa ya umma. Tabaka la watawala, maandishi, elimu ya hesabu na nyota, sanaa yenye mtindo wake, biashara ya mbali, na dola ambamo mtu anahesabiwa kwa mahali anapokaa wala si kwa ukoo peke yake. Aliitoa hasa kwa kutazama Mesopotamia, Misri na bonde la Indus, akawaongeza Wamaya.

Siidharau orodha hiyo. Inamlazimu mtu aonyeshe kitu badala ya kupiga domo. Tatizo lake huonekana ukiichukua na kwenda nayo kwingine. Wainka walitawala milima ya Andes bila maandishi ya aina tunayoijua, hesabu zao wakizitunza kwa mafundo ya nyuzi. Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la Indus, ina mitaa iliyonyooka na mifereji ya maji machafu iliyojengwa kwa matofali, lakini hakuna jengo ambalo watafiti wamekubaliana kwamba hili ndilo jumba la mfalme. Jenne-jeno, kule Mali, walikochimba Susan na Roderick McIntosh tangu 1977, ulikuwa mji wa mafundi wa chuma na biashara ya mbali, na ikulu haikuonekana. Halafu kuna Göbekli Tepe, Uturuki: nguzo za mawe zilizochongwa wanyama, zina zaidi ya miaka 11,000, na waliozisimamisha waliishi kwa kuwinda na kuokota. Majengo makubwa yapo, mji haupo.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu aliifungua orodha hiyo kwenye simu siku moja tumemaliza kula, akaanza kuipa Gedi alama.

"Mji mkubwa, shangazi? Ekari 45 hivi. Si mkubwa."

"Endelea."

"Majengo ya umma, ndiyo. Biashara ya mbali, ndiyo. Dola? Kila mji ulikuwa na mkubwa wake. Maandishi..." Akanyamaza kidogo. "Kaburi lenye tarehe lipo. Lakini shangazi, karatasi hazikai."

Hapo ndipo nilipofurahi naye. Kaburi alilolitaja lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na tarehe hiyo imesalia kwa sababu ilichongwa kwenye chokaa ngumu. Barua, hesabu za biashara, hati za mirathi, kama ziliandikwa mwaka huo huo, zimeliwa na mchwa, chumvi na mvua ya masika. Hati za Kiswahili tulizo nazo mkononi hazirudi nyuma sana kupita karne ya 18. Anayepima kwa orodha, kwa hiyo, huanza na jambo asilolichagua: hali ya hewa ndiyo iliyoamua kabla yake kipi kipimwe. Mji wa jangwani utaonekana una waandishi wengi, na mji wa pwani yenye unyevu utaonekana bubu.

Jiwe nalo lina upendeleo wake. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948 alifuata kuta za mawe, kama alivyofanya karibu kila mchimbaji wa wakati wake, na nyumba alizozifukua akazipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: nyumba ya sarafu ya Kichina, nyumba ya shanga ya Venisi, nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya mkasi. Majina hayo yamekaa mpaka leo, na wanaotembeza wageni huyataja. Kazi ya Kirkman naiheshimu, maana bila yeye msitu ungekwisha kuzimeza kuta zile. Lakini tazama majina yale yanavyolivuta jicho. Mgeni anapita nyumba hata nyumba akisikia China, akisikia Venisi, na akitoka pale ameshakubali bila kuambiwa kwamba ukubwa wa Gedi ulitoka ng'ambo. Hakuna nyumba iliyopewa jina la chungu cha kupikia, ingawa vigae vya vyungu vya kienyeji ndivyo vilivyojaa kila mahali. Katika magofu mengi ya pwani yetu, vyombo vya kutoka nje kwa kawaida havizidi asilimia 5 ya vigae vyote. Vilivyobaki vilifinyangwa hapa hapa.

Kauri ya China ni ushahidi, ndiyo, lakini wa nini? Bakuli lililovuka bahari linaonyesha kwamba kuna mtu huku aliyekuwa na cha kulipia. Al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya 12, aliitaja Malindi kwa chuma chake, na kule Mambrui wachimbaji wamekuta masalio ya kuyeyushia chuma. Mambrui hiyo hiyo, mwaka 2010, ilitoa sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, na 2013 sarafu ya enzi hiyo hiyo ikapatikana Manda. Rekodi za China zinasema kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Vipande hivi ukivikusanya unapata picha ya miji inayouza na kununua kwa hiari yake, yenye watu wanaojua bei. Muuzaji ndiye anayenihusu. Bakuli linaniambia tu kwamba alikuwepo.

Sasa niseme habari ya Manda na Shanga, maana ndiyo iliyonifunza zaidi.

Manda iko mkabala na mji wetu wa Lamu, na magofu ya mji wa Manda yako kaskazini ya kisiwa. Neville Chittick alichimba pale kuanzia miaka ya 1960. Akakuta kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ajabu, akakuta vyombo vingi vya kutoka Ghuba ya Uajemi katika tabaka za chini, za karne ya 9, akasema: huu ni mji ulioanzishwa na wafanyabiashara wa Kiajemi, watu wa bandari ya Siraf. Kwa ushahidi aliokuwa nao, na kwa swali alilokuwa nalo, hakuwa anasema upuuzi. Wengi walimwamini, na simulizi za Washirazi, za mababu waliotoka Uajemi, tulizorithi kwa wazee wetu zilionekana kumuunga mkono.

Miaka ya 1980 Mark Horton akaenda Shanga, upande wa kusini wa kisiwa cha Pate. Ukienda huko kwa mashua lazima ungoje maji yajae, la sivyo utatembea kwenye tope la mikoko. Shanga nayo ilikuwa na magofu ya mawe, misikiti, mamia ya makaburi. Tofauti ni kwamba Horton alishuka chini ya msikiti wa Ijumaa polepole, sakafu baada ya sakafu. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka mawe yakaisha na kubaki mashimo tu, yale yanayoachwa na nguzo za miti zilizooza. Wa chini kabisa ulikuwa kibanda kidogo cha miti cha karne ya 8, cha kutosha watu wachache. Na kuuzunguka msikiti huo vigae vilikuwa vya vyungu vyenye mapambo ya pembetatu, vyungu vinavyopatikana pwani nzima na bara, kando ya mto Tana pia. Watu waliokuwa wakivitumia walivua, walifuga, walifua chuma. Baadaye mji ule ukatumia sarafu ndogo za fedha zilizopigwa huku huku pwani, zenye majina ya watawala waliokuwa Waislamu.

Mtu akinibana nichague ushahidi mmoja tu, nitachagua mashimo yale ya nguzo. Sitachagua kuta za bahari za Manda, wala jumba la Gedi. Kuta kubwa zaweza kujengwa na mtu mmoja mwenye nguvu na watu wengi wasio na la kusema. Historia imejaa kazi za namna hiyo. Lakini msikiti uliojengwa, ukachakaa, ukajengwa tena palepale, ukapanuliwa, ukageuzwa kutoka miti kuwa udongo na kutoka udongo kuwa mawe, kwa zaidi ya miaka 600 mpaka mji ulipohamwa mwanzoni mwa karne ya 15, huo hauelezeki kwa amri ya mtu mmoja. Kila kizazi kilikubali kwamba pale ni pa umma, hapana wa kupaingilia na kujenga nyumba yake. Walikuwepo wa kulitunza neno hilo, na walikuwepo wa kuwafunza wanao walitunze. Ndiyo maana naona tunapotafuta ustaarabu tutafute kilichorudiwa, kabla ya kutafuta kilicho kikubwa. Desturi ikishikwa na watu wengi kwa muda mrefu huacha alama ardhini, na alama hiyo mwenye fedha hawezi kuiagiza kwa meli.

Ukishika hilo, macho hugeuka. Pale Gedi mimi huwapeleka wageni chooni. Karibu kila nyumba ya mawe ina choo chake ndani, shimo limejengewa vizuri, na pembeni pana mahali pa kutawadhia. Huwaonyesha kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu, ambacho kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, pengine maji yalipoanza kupungua. Huwaonyesha vichochoro. Kichochoro chembamba kati ya kuta mbili kikibaki wazi karne nzima, bila jirani kusogeza ukuta wake hatua moja, hapo pamekuwa na mtu wa kuamua kesi za mipaka, na pamekuwa na wa kumsikiliza.

Nyumba yenyewe inasema hivyo hivyo. Vyumba vya nyumba za mawe, Shanga, Gedi, Takwa, mpaka hizi za Lamu za karne ya 18 tunazokaa, ni virefu na vyembamba, upana wake haupiti mita 3. Sababu yake ni boriti. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na mkoko haukupi mti mrefu kuliko huo wenye nguvu ya kubeba sakafu ya chokaa. Jiwe la kuchonga, lile la milango na vidaka, hukatwa baharini likiwa bichi, laini kuchongeka, halafu likikauka linakuwa gumu. Ufundi huu haukuletwa umekamilika katika jahazi. Ulitafutwa hapa, kwa vitu vya hapa, na fundi akamrithisha fundi. Kama waanzilishi wangekuwa wageni wanaoiga kwao, tungeona wakihangaika mwanzo kuiga nyumba za kwao, na tabaka za chini zingekuwa za mawe. Shanga tabaka za chini ni za miti na udongo, kisha mawe yanaingia taratibu.

Kuna jambo moja la nyumba za Lamu ambalo kila nikilifikiria napenda zaidi. Katika choo cha nyumba za kale huwa kuna birika la maji, na chini ya birika limepachikwa bakuli la kauri. Ndani ya maji hufugwa samaki wadogo, wanakula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki hubaki na maji yao ndani ya bakuli. Mwanaakiolojia wa miaka elfu ijayo akilikuta bakuli lile ataandika "bidhaa ya China". Atakuwa amesema kweli na atakuwa hajasema kitu. Kazi ya bakuli lile ni wazo la mtu wa pwani aliyetaka wanawe wasiumwe na mbu.

Na pia nguzo za makaburi. Malindi zipo karibu na msikiti wa Juma, Mambrui ipo, Takwa ipo yenye tarehe ya 1094 Hijria, na watu wa Shela wamezoea kwenda huko kuomba mvua. Kaburi la nguzo hulipati Uarabuni wala Uajemi. Ni la pwani hii, kuanzia Somalia hadi Tanzania. Pale Gedi, juu ya tao la mlango mmoja wa Msikiti Mkuu, umechongwa mkuki. Waliochonga walikuwa Waislamu, na mkuki walikuwa nao.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba katika jarida la Nature, uliopima mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, Manda na Faza zikiwemo. Ukaonyesha kwamba wengi wa waliozikwa katika miji hiyo walikuwa na asili mbili: upande wa mama hasa wa Kiafrika, upande wa baba kwa kiasi kikubwa wa Kiasia, Uajemi hasa, na mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Siku zile simu yangu haikupoa. Huyu anasema "si mnaona, ni Waajemi," yule anasema "si mnaona, ni Waafrika." Mimi nawaomba watu wasome tarehe. Mwaka 1000 Shanga ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 200. Msikiti ulikuwa umeshajengwa upya mara kadhaa. Wageni waliooa huku waliingia katika miji iliyokuwa na utaratibu wake, wakaoa kwa wenye nyumba, na watoto wao wakasema lugha ya mama zao. Mifupa inaeleza nani alizaa na nani. Haiwezi kueleza nani alikuwa na ustaarabu, na anayeitumia hivyo anairudisha ile hoja mbovu iliyotumiwa kwa magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu, ambako wageni walikataa kwa miongo mingi kwamba Waafrika walijenga, hata baada ya David Randall-MacIver kuchimba mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 na kuonyesha wazi kwamba kazi ni ya Waafrika.

Nikisema haya yote, sitaki mtu adhani nausafisha ustaarabu huu. Majumba ya Lamu ya karne ya 18 na 19 yalijengwa na kuendeshwa kwa kazi ya watumwa pia. Watumwa ndio watu ambao akiolojia huwaona kwa shida kabisa, kwa sababu walilala katika vyumba vya wengine au katika vibanda visivyoacha ukuta. Orodha ya Childe inahesabu tabaka la watawala kuwa dalili ya ustaarabu na haiulizi waliokuwa chini yao walikula nini. Hapo mimi na orodha tunaachana. Ushahidi wa jamii haujakamilika mpaka umjumlishe aliyebeba mawe, na mahali pa kumtafuta ni jaani. Jaa halichagui. Mifupa ya samaki ya tajiri na ya maskini hutupwa, na haiandikwi na mtu wa kujisifu. Ni jaani tulikojua kwamba watu wa kwanza wa miji hii walivua ndani ya miamba, na baadaye, karibu na karne ya 11 na kuendelea, wakazidi kwenda maji makuu na kuleta papa. Hakuna kaburi lililotuambia hayo.

Na kipimo changu cha kurudiwa kinanipeleka mahali ambapo baadhi ya wenzangu wa mjini hawapendi. Kikipimwa Shanga, lazima kipimwe na kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale ya msituni. Kaya hazina jumba la mawe. Zina malango, njia moja inayofuatwa vizazi na vizazi, uwanja wa wazee, mahali lilipofukiwa fingo, yaani kago la kuilinda kaya, msitu ambao hakatwi mti. Henry Mutoro alichimba katika kaya miaka ya 1980 na akaonyesha kwamba nazo zina udongo wa kusomwa kama miji ya ufuoni. Tangu 2008 kaya kadhaa zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, miaka 7 baada ya mji wa Lamu. Kama makubaliano yaliyoshikwa kwa muda mrefu ndiyo alama yenyewe, basi siwezi kuwapa watu wa mawe cheo hicho na kuwanyima watu wa msitu waliokuwa wakiwauzia nafaka na pembe za ndovu. Nakubali matokeo ya hoja yangu, na nayakubali kwa moyo mmoja.

Gedi nayo iliingia katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2024. Huenda watafiti wakaongezeka, na fedha zikaongezeka. Mji ule ulikuwa na kuta mbili, wa ndani na wa nje, na nyumba za mawe nyingi ziko ndani ya ukuta wa ndani. Kati ya kuta hizo mbili waliishi watu katika nyumba za udongo na makuti, na huenda ndio waliokuwa wengi. Sehemu hiyo imechimbwa kidogo mno. Siku hizi zipo njia ambazo Kirkman hakuwa nazo: udongo huchekechwa kwa chekecheke ya matundu madogo, huloweshwa majini mbegu zilizoungua zikaelea, na hupimwa kujua palikuwa jikoni au uani. Kazi hiyo ingefanywa na vijana wa Gede, Watamu, Malindi na Lamu, wenye kulipwa na wenye kutajwa majina katika ripoti. Mimi ningeanzia jaa la nyumba ya udongo iliyo karibu na ukuta wa ndani, kisha jaa la nyumba ya mawe iliyo upande wa pili wa ukuta huo huo, ili tujue kama waliokaa pande hizo mbili walikula nafaka ile ile na samaki wale wale, na kama walipakua katika bakuli za aina moja.